Nani Achukue Jicho

Ijumaa iliyopita usiku tulikuwa wanne kwa keja yangu, simu nne, chaja mbili, tunacheza PUBG Mobile. Ndege ikaangusha sanduku karibu na pale tulipokuwa tumejificha. Mimi nikafika kwanza. Ndani kulikuwa na AWM, ile bunduki ya masafa marefu ambayo huiokoti tu kwa nyumba za watu. Lazima ishuke na sanduku, na risasi zake hushuka nayo, za kuhesabu. Kila mtu kwenye hicho chumba anajua kwamba mimi nikilenga shabaha ya mbali ni sawa na kurusha mawe gizani. Kila mtu pia anajua ni nani kati yetu anayeweza kuitumia. Alikuwa ameketi juu ya ndoo yangu ya maji, hata mita moja haikuwa kati yetu, amenyamaza.

Nikachukua AWM.

Hakusema kitu. Angesema, ningejitetea, tungerushiana maneno kidogo na ingeisha. Lakini alinyamaza, akaangalia simu yake, akaendelea kutafuta dawa za kujitibu kwenye nyumba ya pili. Mimi nikakufa dakika nne baadaye, sijapiga hata mtu mmoja, na AWM ikaenda na mgeni aliyeniua.

Wanaoandika kuhusu gemu, wa huku na wa ng'ambo, huandika kuhusu picha, hadithi, muziki, na siku hizi bei. Sijaona wengi wakikagua ile dakika inayofuata baada ya adui mkubwa kuanguka, wakati kuna kitu kimoja chini na watu wengi wamesimama kukizunguka. Kwangu mimi gemu ya kikundi inaanzia hapo. Kumuua joka ni kazi ya vidole. Kugawana alichoacha ni kazi nyingine kabisa, na mtu aliyetunga kanuni za kugawana ametuandikia, apende asipende, maoni yake kuhusu watu tulivyo.

Gemu ninayoijua zaidi kwa upande huu ni World of Warcraft. Najua wengi wenu hamjawahi kuicheza, na sababu ni wazi: inataka kompyuta, inataka kulipiwa kila mwezi kwa euro, na seva zilizo karibu nasi ziko Ulaya. Mimi niliingia mwaka wa 2019, ilipotolewa upya ile gemu ya zamani kama ilivyokuwa mwanzo, kwa jina la Classic. Laptopu niliyotumia ilinunuliwa na pesa ya HELB. Tafadhali msimwambie mama.

Kwenye Classic kulikuwa na pango linaloitwa Molten Core. Mnaingia watu arobaini. Si wanne, arobaini, kila mtu na kazi yake: wa kuzuia adui, wa kupiga, wa kutibu. Kuna mabosi kumi, na kila mmoja akianguka anaacha vitu vichache, viwili, vitatu hivi. Hebu piga hiyo hesabu. Watu arobaini wamekesha, vitu vitatu viko chini, na kitu kikishachukuliwa kinafungwa kwa mwenye kukichukua, hakiuziki sokoni. Na wiki hiyo huwezi kuwaua tena mabosi wale wale. Ni uhaba uliotengenezwa makusudi, na kampuni iliyoutengeneza haikutoa jibu la maana la jinsi ya kuishi nao. Ilitoa dadu. Mnabonyeza kitufe cha "nahitaji" au kitufe cha "tamaa", mashine inawapa nambari kati ya 1 na 100, mkubwa anashinda. Hapo mwanzo, hata kama wewe ni mchawi, ungeweza kubonyeza "nahitaji" kwenye upanga usioweza hata kuushika, ukaenda nao. Mtu kama huyo aliitwa ninja, na jina lake lilijulikana seva nzima.

Wachezaji ndio waliojitungia sheria, na hilo lilianza kabla ya World of Warcraft. Mwaka wa 1999 ilitoka gemu iitwayo EverQuest, na kikundi kimoja huko, Afterlife, kilichoka na kugombana, kikaanza kuweka daftari. Ukihudhuria vita unapata pointi. Ukitaka kitu unalipa pointi. Waliita DKP, pointi za kuua joka, kwa sababu vita vikubwa vya wakati huo vilikuwa vya majoka. Hakuna aliyewaamuru. Hakukuwa na kitufe cha DKP ndani ya gemu. Lilikuwa daftari tu la watu walioamua kuaminiana, au tuseme, watu walioamua kwamba wakiandika chini hawatahitaji kuaminiana sana.

Ukisoma hayo na umelelewa Kenya, jambo la kwanza linalokuja akilini ni chama. Lilinijia pia, na kwa muda mrefu niliona ni mfano mzuri tu wa kuchekesha marafiki. Halafu ukaja usiku wa Jicho.

Kikundi chetu kilikuwa na watu wa kila pembe ya Ulaya na mimi. Vita vilianza saa mbili usiku kwa saa ya seva, ambayo kwa miezi ya baridi yao ni saa nne ya huku kwetu, na tulimaliza saa saba, wakati mwingine saa nane. Nilicheza kuhani, kazi yangu kutibu. Tulitumia DKP ya aina rahisi: pointi kwa kuingia mapema, pointi kwa kila bosi akianguka ukiwa ndani, pointi kwa kubaki mpaka mwisho. Kitu kikitoka, kina bei yake, na mwenye pointi nyingi miongoni mwa wanaokitaka ndiye anayekichukua. Mwanaume mmoja wa Uholanzi ndiye aliyeweka hesabu, na sijawahi kuona mtu akiweka hesabu kwa uaminifu vile, hata kwenye mazishi.

Tatizo langu lilikuwa stima. Kwa ploti yetu ilikuwa ikipotea bila ratiba. Laptopu ilikuwa na betri ya kama dakika arobaini, lakini mashine ya Wi-Fi ya ploti inazimika papo hapo, kwa hivyo naachia wenzangu katikati ya moto, nanunua bando, nawasha hotspot ya simu, narudi. Dakika sita, saba. Mara nyingi nikirudi bosi ameshalala na pointi zake zimegawiwa waliokuwepo. Sheria ilikuwa hivyo, na niliiona ni ya haki. Daftari haliwezi kujua kwamba mtu alikuwa ngazini gizani akiomba bando la mkopo.

Sasa, bosi wa tisa wa pango lile anaitwa Majordomo. Huyo hauawi. Mkiwamaliza walinzi wake anajisalimisha, anatoweka, anaacha sanduku. Ndani ya sanduku, siku ukiwa na bahati, kunakuwa na kitu kiitwacho Eye of Divinity. Mimi nitakiita Jicho. Ni cha makuhani pekee. Ukilipata Jicho unaweza kumwona mzimu fulani wa kike ambaye wengine hawamwoni, na huyo anakupa mtihani: kundi la wanakijiji wanakimbia, wagonjwa na waliojeruhiwa, na wewe peke yako unawatibu wakipita. Uokoe 50 kabla ya 15 kufa. Ukifaulu, unapata kipande cha mwisho kinachokosekana ili utengeneze fimbo ya Benediction, ambayo kila kuhani aliitaka. Kati ya zawadi zote za gemu ile, naona hii ndiyo iliyofikiriwa vizuri zaidi. Mchapaji panga anapata upanga kwa sababu ya kuua. Kuhani anapata fimbo kwa kufanya, peke yake na bila kusaidiwa, kazi ile ile ambayo amekuwa akiwafanyia wenzake arobaini bila yeyote kuangalia.

Usiku mmoja wa Desemba Jicho likatoka. Makuhani tulikuwa watano. Wa kwanza kwa pointi alikuwa mama mmoja wa Denmark, mtu wa maneno machache. Wa pili alikuwa kijana aliyeingia kikundini mwezi uliopita na ambaye hakuwa amekosa hata dakika moja. Mimi nilikuwa wa nne.

Yule mama akasema kwenye laini ya sauti kwamba analitaka Jicho, analipa pointi zake, na anataka nipewe mimi.

Kimya. Halafu mtu akauliza kwa nini. Akasema kwamba tangu Oktoba nimekatika mtandao katikati ya vita mara kumi na moja, na nimerudi mara kumi na moja. Alikuwa amehesabu. Sikujua kuna mtu aliyekuwa akihesabu kitu kama hicho. Nilikuwa nimezima maikrofoni na nashukuru Mungu nilikuwa nimeizima.

Wa pili akasema, na hakusema vibaya, kwamba kama wa kwanza halitaki basi ni lake. Mama akajibu kwamba analitaka, ila si kwa ajili yake. Na hapo mzozo ukaanza, watu arobaini wamesimama ndani ya volkano, ukadumu dakika ishirini na tano. Swali lilikuwa moja: zamu yako ikifika, unayo haki ya kuichukua au kuiacha tu, au unayo pia haki ya kumpa mtu?

Mimi nilifungua maikrofoni nikajaribu kueleza chama. Nilieleza kwa Kiingereza cha saa saba usiku kwamba mama yangu yuko kwenye mzunguko wa akina mama kumi na wawili, kila mmoja anatoa elfu mbili kwa mwezi, mmoja anaondoka na elfu ishirini na nne. Zamu zinapangwa kwa kuokota karatasi. Mwaka mmoja mama aliokota Januari, ile zamu ambayo kila mtu anaiombea kwa sababu ya ada za shule, na jirani yake aliyekuwa na mtoto anayeingia kidato cha kwanza alikuwa ameokota Agosti. Mama akamwachia Januari, akachukua Agosti. Mwenyekiti akafuta jina moja akaandika lingine. Hakuna aliyepiga kelele, kwa sababu zamu ni ya mwenye zamu. Mchezaji mmoja wa Uturuki akaingia kati kwa furaha, akasema kwao mama zao hukutana hivyo hivyo nyumba kwa nyumba na kuchanga dhahabu, na zamu hubadilishwa mtu akiwa na harusi. Kwa muda mfupi niliona tunashinda.

Halafu yule Mholanzi akaongea. Alisema kikundi alichokuwamo zamani, mwaka wa 2006 au 2007, kilikufa kwa sababu hiyo hasa. Wapenzi wawili walikuwa wakikusanya pointi pamoja na kumpa mmoja wao kila kitu. Wengine nao wakaanza kuungana wawili wawili kujikinga. Baada ya miezi miwili hakukuwa na kikundi, kulikuwa na vijikundi vinavyoviziana. Akasema kwenye mzunguko wa mama yangu kila mtu hatimaye anapata ile ile elfu ishirini na nne, kinachobadilika ni mwezi tu. Huku hakuna uhakika kwamba Jicho la pili litatoka. Pointi zinaweza kuachwa, haziwezi kupewa mtu. Viongozi wakapiga kura, wakakubaliana naye.

Nimekuwa nikitafuta tundu kwenye hiyo hoja kwa miaka kadhaa. Bado ni hoja nzuri. Nikiwa mwenye daftari, huenda ningeamua vile vile.

Mama wa Denmark aliposikia uamuzi akalichukua Jicho mwenyewe. Hakutaka kuliacha liende kwa mtu ambaye hakumchagua, na hiyo pia ilikuwa haki yake. Wiki iliyofuata aliniambia ameokoa wanakijiji hamsini kwa jaribio la tatu. Mimi sikuwahi kulipata Jicho. Machi chuo kikafungwa kwa sababu ya korona, nikacheza sana, kisha nikaacha kucheza, kisha chuo kikafunguliwa na mimi sikurudi. Hiyo ni stori nyingine, na si gemu iliyonitoa shule, kabla hujaanza.

Ninachotaka kusema ni kwamba ule mzozo wa dakika ishirini na tano ulikuwa mzuri kuliko chochote kilichoandikwa na watunzi wa World of Warcraft, na uliwezekana kwa sababu kanuni za zamani zilikuwa na mwanya. Kitaalamu, kiongozi wa kikundi angeweza kumpa Jicho kuhani yeyote kati ya wale watano. Kilichomzuia yule Mholanzi kunipa mimi kilikuwa sheria yetu wenyewe, na sheria yetu ilibidi isemwe kwa sauti, mbele ya mtu ambaye inamnyima.

Linganisha na yaliyokuwa yakitokea mwaka ule ule upande wa pili, kwenye toleo la kisasa la gemu hiyo hiyo. Kuanzia 2018, na toleo la Battle for Azeroth, kampuni iliondoa kabisa uwezo wa kiongozi kugawa. Badala yake kukawa na luti binafsi pekee. Bosi anaanguka, mashine inachagua kimya kimya watu fulani, na kitu kinaingia moja kwa moja kwenye mfuko wako. Hakuna kilicho chini. Hakuna kinachozungukwa. Unaweza kumaliza pango zima bila kujua aliyesimama kando yako amepata nini, na wengi walifanya hivyo.

Sababu yake naielewa. Kulikuwa na viongozi wabaya, wengi sana. Kulikuwa na mabaraza ya luti ambayo kazi yake halisi ilikuwa kumvika bosi na marafiki zake huku wengine wakibeba mizigo; ukiwahi kuwa kwenye kamati yoyote nchi hii unajua inavyoenda. Mtu mpya aliyekesha miezi miwili bila kupewa hata viatu, luti binafsi ilimwokoa. Siwezi kumwambia mtu huyo kwamba zamani kulikuwa kuzuri.

Lakini kuna kifungu kimoja kwenye mfumo ule ambacho siwezi kukisamehe. Uliruhusiwa kumpa mwenzako kitu ulichopata kwa sharti moja: uwe tayari una kitu cha daraja hilo au la juu zaidi mahali hapo hapo mwilini. Ukipata kofia, na kofia uliyovaa ni duni kwa nambari, basi imefungwa kwako. Haijalishi kwamba hiyo mpya haikufai. Haijalishi kwamba mwenzako ameingoja tangu mwaka uanze. Kwa maneno mengine, mashine ilikuruhusu kutoa makombo tu. Kitu ambacho kingeweza kukufaidi, hata kwa nambari moja, hukuweza kukitoa hata ungetaka.

Najua kifungu hicho kilikuwa cha kumkinga mnyonge: kiongozi asimwambie "lete hapa". Ni hoja ile ile ya Mholanzi, imepelekwa mbele zaidi na imetiwa ndani ya mashine. Tofauti ni kwamba Mholanzi alinieleza. Alinijua jina, alitaja kikundi kilichokufa, alingoja nimalize habari za mama yangu na elfu ishirini na nne zake, kisha akakataa. Mashine inafanya kitufe kiwe cha kijivu. Huwezi kubishana na kitufe cha kijivu, na usipobishana hujui aliye kando yako angekubali kupoteza nini kwa ajili yako.

Kwa hivyo siku hizi nikikagua gemu yoyote ya kikundi, swali langu la kwanza ni hilo: je, naruhusiwa kutoa kitu ninachokihitaji? Gemu nyingi zinaanguka hapo. Zinakuruhusu kugawa ziada, kutuma zawadi uliyonunua dukani kwa pesa halisi, kuchangia ghala la pamoja ukapewa nyota. Kujinyima hawakuweki kwenye menyu.

Inaonekana hata kampuni yenyewe ilihisi kuna kilichopotea, kwa sababu mwaka wa 2022, na toleo la Dragonflight, luti ya kikundi ilirudishwa kwenye mapango makubwa, dadu na vitufe kama zamani. Ni afadhali. Lakini dadu haikumbuki. Haijui nani alirudi mara kumi na moja, wala nani ameshinda wiki tatu mfululizo na sasa anaona haya kubonyeza tena.

Kuna njia ya tatu, na kwa sababu ninaandika kwa malipo ya kwa kipande, siwezi kuiruka. Inaitwa GDKP. Hapa hakuna pointi, kuna gold, pesa ya ndani ya gemu. Kila kitu kinapigwa mnada. Anayetaka upanga anaununua mbele ya watu, gold inaingia kwenye chungu, na mwisho wa usiku chungu kinagawanywa sawa kwa wote waliokuwemo. Ukiondoka bila kitu, unaondoka na mshahara. Niliingia kwenye chache kama mtibu wa kukodi, na nakiri nilizipenda. Hakuna anayekuuliza umekuwa kikundini miezi mingapi. Hakuna daftari la kunikosesha kwa sababu ya stima. Mtu tajiri anapata upanga wake, mimi napata fungu langu, tunaagana.

Ubaya ni kwamba ile gold ya matajiri wengine ilinunuliwa kwa pesa halisi kutoka kwa wauzaji wa magendo, na hiyo ilikuwa lawama kubwa mpaka Februari 2024 kampuni ikapiga marufuku GDKP kwenye seva za Season of Discovery. Malalamiko yalikuwa mengi pande zote mbili. Mimi nilikuwa upande wa marufuku, ingawa mfuko wangu ulikuwa upande mwingine, na sababu yangu haikuwa magendo. Kwenye GDKP unaweza kutoa chochote, ni kweli, kila kitu kina bei na wewe ukiwa na pesa unaweza kumnunulia mtu Jicho. Lakini yule mama wa Denmark hakuwa na pesa. Alikuwa na miezi mitatu ya Jumatano usiku, watoto wake wakiwa wamelala, na alitaka kunipa hiyo. Kwenye mnada hakuna mahali pa kuiweka.

PUBG, kwa kulinganisha, haina kanuni yoyote. Hapa nairudia ile Ijumaa. Hakuna pointi, hakuna dadu, hakuna baraza. Anayefika kwanza anachukua, na akitaka kukitupa chini mbele ya mwenzake, anakitupa. Watunzi wake hawakukusudia kutufundisha kitu chochote. Walitaka tu mechi iende mbio. Ila kwa bahati wameacha mlango wazi kabisa. Kila kofia nzuri, kila darubini, kila bando la kujitibu, unaulizwa tena na tena na hakuna wa kumsingizia ukikosea. Ndiyo maana jamaa yangu aliponyamaza juu ya ile ndoo sikuwa na pa kujificha. Sikuweza kusema ni mashine. Sikuweza hata kusema ni sheria.

Jumapili tulicheza tena. Sanduku likaanguka kwenye shamba wazi, na mimi ndiye niliyekuwa na gari. Nikafika, nikafungua, AWM tena. Hiyo gemu ina ucheshi wake. Nikairudisha hadi kwenye nyumba tuliyokuwa tumejificha, nikaitupa sakafuni pamoja na risasi zote, miguuni mwake.

"Unaitaka?" nikamuuliza, kana kwamba sijui.

"Ilikuwa ya nani?"

"Yangu."

Akaiokota. Akapanda ghorofani, akalala dirishani, akapiga risasi ya kwanza akakosa, ya pili akakosa, ya tatu ikagonga mti. Ya nne ikaeleza kila mtu kwenye ramani mahali tulipo. Tukamaliza nambari tisa, tukalaumiana mpaka saa nane usiku.